Hiyo si kelele, sikiliza vizuri

Wasee, mkubwa akisema vijana "wanapiga kelele tu kama tumbili," mwambie hajui tumbili.

Miaka ya 1960, mtafiti Thomas Struhsaker alikaa Amboseli akiwatazama. Wakiona chui wanalia hivi, wakiona tai wanalia vile, nyoka naye ana mlio wake. Lakini wengi waliamini mnyama hulia kwa woga tu. Ndio 1977 Robert Seyfarth na Dorothy Cheney wakaenda hapo hapo, wakaficha spika na kucheza milio iliyorekodiwa, bila adui yeyote karibu. Onyo la chui: tumbili mbio mtini. La tai: macho angani, ama wanajificha vichakani. La nyoka: wanasimama kwa miguu miwili wakichungulia nyasi.

Na manze, iko na maana. Kila adui anawinda kivyake, so kila mmoja anakimbiwa kivyake. Aliyechanganya milio aliliwa mapema, hakuacha watoto wengi.

Mimi niliacha chuo, lakini hii sayansi ya Amboseli naishika. Ilikuwa "kelele" mpaka mtu akakaa chini kusikiliza. Hata sisi, kabla mtuite wapiga kelele, ulizeni kwanza tumeona nini.