Elimu ya Ngumbaru na Nyumba Isiyo na Kitabu



Neno kisomo kwetu sisi watu wa pwani lina maana yake ya zamani. Ukisikia kwa jirani kuna kisomo, hufahamu mara moja kwamba watu watakusanyika, Kurani itasomwa na dua itaombwa. Lakini kuna kisomo kingine kilichoenea Tanzania Bara yote tangu mwaka 1970, nacho ni kile cha baba na mama watu wazima kushika kalamu, kujifunza irabu na silabi, na kuandika majina yao kwa mikono yao wenyewe. Mitaani kiliitwa ngumbaru, wengine wakilitaja neno hilo kwa mzaha na wengine kwa mapenzi. Nataka leo tukitazame kisomo hicho: kilianzaje, kilifika wapi, nguvu zake zilipunguaje, na kimetuachia wasia gani sisi wenye watoto na wazee majumbani.

Kumfundisha mtu mzima kusoma si jambo geni katika historia ya Uislamu. Imepokewa katika sira kwamba baada ya vita vya Badri, mwaka wa 2 wa Hijra, mateka waliojua kuandika na wasio na mali ya kujikombolea waliambiwa wawafundishe watoto wa Madina, kila mateka watoto kumi, ndiyo fidia yake. Kadhalika imepokewa kwamba Bibi Shifaa binti Abdillahi alimfundisha kuandika Bibi Hafsa, mkewe Mtume (S.A.W.), naye Mtume akalijua jambo hilo na akaliridhia. Tazama mambo mawili hapa. Kwanza, elimu ilithaminiwa sawa na mali. Pili, kalamu iliingia mpaka ndani ya nyumba na ikashikwa na mwanamke. Shika sana jambo hili la pili, maana ndilo litakaloturudia mbele.

Sasa tuje kwetu. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 watu wazima wengi hawakujua kusoma wala kuandika. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba kiasi cha watu 67 katika kila 100 walikuwa hawajui. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa amekwisha kusema mwaka 1964, alipoutoa Mpango wa kwanza wa Miaka Mitano, kwamba nchi haiwezi kuwangojea watoto wakue, kwa sababu elimu ya mtoto huchukua miaka mitano, kumi, hata ishirini kuleta manufaa, ilhali mtu mzima akielimika leo, kesho shamba lake hubadilika. Ndipo mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wilaya 6 zikachaguliwa ziongoze njia, na miongoni mwake vilikuwamo visiwa viwili, Mafia katika bahari na Ukerewe katika ziwa. Mwaka 1971 chama cha TANU kikaamua kwamba ujinga wa kutojua kusoma na kuandika ufutwe nchi nzima ifikapo mwisho wa mwaka 1975.

Huenda ukauliza, ndugu msomaji, watu waliochoka na jembe tangu alfajiri walivutwaje darasani? Jawabu lilikwisha kuanza kupatikana katika mikoa ya Ziwa. Huko, tangu mwaka 1968, palifanyiwa majaribio makubwa kwa msaada wa UNESCO, makao yake yakiwa Mwanza. Walimu wa majaribio hayo waliona kwamba mtu mzima hafundishwi kama mtoto. Mtoto humfundisha neno lolote akalikariri. Mtu mzima ataka neno linalogusa kazi yake. Basi vikaandikwa vitabu vya pamba kwa wakulima wa pamba, vya uvuvi kwa wavuvi, vya migomba kwa wenye migomba, na vya mambo ya nyumbani kwa akina mama. Neno pamba likiandikwa ubaoni hukatwa: pa, mba. Silabi hizo zikaunganishwa na nyingine zikazaa maneno mapya. Mkulima akijifunza kusoma, wakati huohuo ajifunza namna ya kupanda kwa mistari na namna ya kusoma mizani siku ya kuuza. Hicho ndicho kilichoitwa kisomo chenye manufaa.

Watu walikuwa na hamu kwa sababu walikuwa na uchungu. Asiyejua kusoma hupeleka pamba yake mnadani akaambiwa uzito wowote, naye hana la kujibu. Mama aliyepata barua kutoka kwa mumewe aliye safarini alilazimika kumwita mtoto wa jirani amsomee, na siri ya nyumba ikawa hadithi ya mtaa kabla ya magharibi. Mzee mwenye shamba alikandamiza dole gumba katika karatasi asiyoijua, na pengine ndilo lililokuwa shamba la watoto wake.

Katika pwani lilikuwapo jambo jingine la kutazamwa kwa insafu. Wazee wetu wengi walikuwa wamesoma chuoni, wanaisoma Kurani, na baadhi yao wanaandikiana barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama walivyoandika babu zao karne nyingi. Lakini mitihani ya taifa ilikuwa kwa herufi za Kirumi. Mzee wa namna hiyo alikaa darasani pamoja na yule asiyewahi kushika kalamu. Si haki kumwita mjinga, wala si haki kukataa kwamba alihitaji herufi mpya, kwa kuwa hati za serikali na vibao vya njiani viliandikwa kwa hizo.

Basi madarasa yakafunguliwa mashuleni, misikitini, makanisani, na mengine chini ya miembe. Walimu wa shule za msingi waliongezewa kazi hiyo, na pamoja nao wakawamo walimu wa kujitolea, wengi wao vijana waliomaliza shule ya msingi, waliopewa bahashishi ndogo kwa mwezi. Sisi tuliokuwa watoto miaka ile tuliwaona mama zetu wakimaliza kuosha vyombo, wakijifunga kanga na kwenda zao darasani na daftari kwapani. Madarasani wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume.

Redio nayo ilifanya kazi kubwa. Mwaka 1973 Redio Tanzania ilitoa vipindi vya majuma 12 vilivyoitwa Mtu ni Afya. Watu walikaa vikundi vikundi wakasikiliza, kisha mmoja mwenye kujua akawasomea kijitabu, wakajadiliana juu ya malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu, halafu wakaondoka kwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Walioshiriki walifika kama milioni 2. Mwaka 1975 ukafuata mpango kama huo ulioitwa Chakula ni Uhai. Huko Mwanza, mwaka 1974, likaanzishwa gazeti la wanavijiji, jina lake Elimu Haina Mwisho, ili aliyemaliza kitabu cha kwanza apate cha kusoma.

Agosti mwaka 1975 ulifanywa mtihani wa nchi nzima. Walioandikishwa walikuwa milioni 5.2, na waliokaa mtihani milioni 3.8. Walipangwa kwa hatua nne. Wa hatua ya tatu ni yule awezaye kusoma na kuandika sentensi fupi, na wa hatua ya nne ni yule awezaye kusoma gazeti, kuweka hesabu zake na kujisomea maarifa mapya. Baada ya hapo ikasemwa kwamba wasiojua wamebaki 39 katika kila 100. Mtihani wa mwaka 1977 ukawateremsha hadi 27, wa mwaka 1981 hadi 21, wa mwaka 1983 hadi 15, na mwaka 1986 wakabaki chini ya 10. Mataifa mengi yalikuja kutazama, na yalikuwa na haki ya kustaajabu.

Wachunguzi nao hawakutosheka na hesabu peke yake. Yusuf Kassam alikaa na wahitimu akazungumza nao, na mwaka 1979 kikachapishwa Dar es Salaam kitabu chake chenye maneno yao wenyewe: walivyojiona zamani, na walivyojiona baada ya kusoma. Faida ya uchunguzi wa namna hiyo ni kwamba hesabu hutuambia wangapi wamefaulu, ila mhitimu mwenyewe ndiye awezaye kutuambia kimebadilika nini nyumbani kwake.

Sasa, ndugu msomaji, tulia kidogo tulitazame lililofuata. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba katika kila watu 100 wenye miaka 15 na zaidi, wanaojua kusoma na kuandika ni kama 78. Je, wale 90 wa mwaka 1986 walikwenda wapi? Tusiharakishe kuhukumu. Kwanza njia za kuhesabu hazikuwa moja, maana mtihani ni kitu kimoja, na kumwuliza mtu mlangoni kwake ni kitu kingine. Pili, watoto wengi walikosa shule katika miaka ya shida, wakakua bila ya kusoma. Vita vya mwaka 1978 na 1979, mafuta kupanda bei, karatasi kuadimika, fedha za serikali kupungua, yote hayo yaliyapiga madarasa. Walimu wa kujitolea wakakosa hata kile kidogo walichokuwa wakipewa, na maktaba za vijijini zikabaki na vitabu vichache vilivyochakaa. Jitihada ziliendelea. Mwaka 1993 yakaanza majaribio ya mpango ulioitwa MUKEJA, ambao wanakisomo wenyewe huchagua watakachojifunza kulingana na shida zao, na baadaye ukaja MEMKWA kwa ajili ya watoto waliokosa shule. Lakini ule moto wa miaka ya sabini haukuwaka tena kama zamani.

Na iko sababu ya tatu, ambayo ndiyo hasa niliyoikusudia. Kusoma ni kama kisu: kisiponolewa hushika kutu. Sisi walimu wa vyuoni twalijua hili vizuri. Mtoto huhitimu Kurani kwa furaha, watu wakala pilau, na asipoifungua tena, baada ya miaka miwili huanza kukwama hata katika sura fupi. Yule mama aliyefaulu hatua ya tatu mwaka 1975 alirudi na cheti chake katika nyumba isiyo na kitabu, wala gazeti, wala mtu wa kusoma naye. Barua zikaja mara moja kwa miezi. Cheti kikatunzwa sandukuni pamoja na kanga, na herufi zikamtoka moja moja. Kosa si lake. Taifa lilimfikisha mlangoni pa elimu, na sisi wa nyumbani kwake hatukumkaribisha ndani.

Tena yatupasa tukumbuke kwamba mzazi na mtoto elimu yao ni moja. Mama ajuaye kusoma hulitazama daftari la mwanawe jioni, akaona kwamba leo hakuandikwa kitu, akauliza. Husoma cheti cha kliniki na karatasi ya dawa. Baba ajuaye kusoma haambiwi na mwanawe kwamba barua ya mwalimu ni ya kumsifu, kumbe ni ya kumshitaki. Na mtoto anayemwona mzazi wake amekaa na kitabu hahitaji kuhubiriwa juu ya thamani ya kitabu.

Wala usidhani kwamba shida ya dole gumba imekwisha kwa sababu leo kila mtu ana simu mkononi. Imezidi. Leo mkopo huja kwa maandishi katika simu, na masharti yake ni marefu. Matapeli huandika ujumbe, na asiyesoma humpa simu mtu mwingine amsomee, akampa na namba yake ya siri. Mjane huletewa karatasi za mirathi akaambiwa atie alama hapa. Haki ya yatima yaweza kupotea kwa alama hiyo moja.

Basi ufanye nini? Nakuusia mambo manne, na hakuna hata moja lihitajilo fedha nyingi. La kwanza, mwambie mwanao kila jioni amsomee bibi yake au mama yake ukurasa mmoja, na bibi aufuatishe kwa kidole. Wote wawili watafaidika. La pili, kila chuo na kila msikiti wenye taa na mkeka waweza kuwa na saa moja ya kisomo cha watu wazima, akina baba kwa wakati wao na akina mama kwa wakati wao, na vijana wetu waliomaliza shule wakajitolea kama walivyojitolea wenzao zamani. La tatu, usimwache mtu wa nyumba yako atie dole katika karatasi kabla haijasomwa yote kwa sauti mbele ya mtu mwaminifu. La nne, usimcheke ngumbaru. Mzee anayetetemeka mkono akiandika jina lake ameshinda haya yake mwenyewe, na kuishinda haya si kazi nyepesi.

Historia ya kisomo chetu imekwisha kutuonyesha kwamba watu maskini, wenye vitabu vichache na redio moja kwa kikundi kizima, waliweza kulitenda jambo kubwa katika miaka michache. Imetuonyesha pia kwamba jambo hilo halidumu kwa amri ya serikali peke yake. Darasa hufungwa, mwalimu huhamishwa, na fedha za msaada hukoma, lakini nyumba hubaki. Mateka wa Badri walifundisha, wakaenda zao. Watu wa Madina ndio waliobaki wakasoma na kusomeshana, na elimu ikadumu. Nasi tuulizane, kila mtu kwa nyumba yake: usiku wa leo, nani atamsomea nani?

Wabillahi tawfiki.