Masomo inajengwa, lakini nani anapima kazi? Namna mkataba wa ujenzi unavyofuatwa

Kwenye teritwari nyingi za mashariki mwa Kongo kuna jengo moja ambalo watu wanalionyesha kwa kidole: kuta zimefika juu ya madirisha, miti ya shantie imeoza, manjanja haijafika, na kibao cha mradi bado kimesimama kando ya barabara. Wakati mwingine ni masomo, wakati mwingine ni kituo cha afya. Programu ya maendeleo ya teritwari 145, ile tunayoiita PDL-145T, ilileta vibao hivyo hadi vijiji ambavyo havijawahi kuona kazi ya serkali. Utekelezaji uliwekwa mikononi mwa PNUD, BCECO na CFEF, na sehemu ya kwanza ilikuwa masomo, vituo vya afya na majengo ya utawala. Kuna majengo yaliyokwisha, watoto wanasoma ndani. Kuna mengine yalisimama.

Jengo likisimama, watu wanauliza kwanza: nani alikula makuta? Ni swali halali, lakini linakuja wakati makuta yamekwisha kwenda. Swali la kuuliza mapema ni hili: kabla ya kila malipo, nani alikuja kupima kazi, na alipima nini?

Mkataba wa ujenzi una pande mbili, lakini kwenye shantie kuna watu watatu. Wa kwanza ni mwenye kazi, yaani ile ofisi ya serkali, shirika, parokia au mtu binafsi anayelipa. Wa pili ni antreprenere anayejenga. Wa tatu ni msimamizi wa kazi, ambaye wengi wanamwita "kontroli": injenia au biro inayolipwa na mwenye kazi ili ihakikishe kwamba kinachojengwa ni kile kilichoandikwa. Huyu wa tatu njo wa kuchunguza kwanza. Akiwa anaishi Kinshasa na anafika mara moja kwa miezi mitatu, au akiwa analala na kula kwa antreprenere, basi kazi haina macho. Kamati ya wazazi, ile COPA, haina haki ya kutoa amri kwenye shantie, wala CODESA kwenye kituo cha afya. Lakini hakuna kinachowazuia kuuliza jina la kontroli na siku anazokuja.

Kazi haianzi siku ya kuweka jiwe la kwanza mbele ya kamera. Inaanza tarehe iliyoandikwa kwenye barua ya amri ya kuanza kazi, "ordre de service". Muda wa mkataba unahesabiwa kutoka hapo. Mara nyingi kijijini watu wanahesabu kuchelewa kutoka siku ya sherehe, antreprenere anahesabu kutoka siku alipopata avansi, na ubishi unaanza. Barua ile inamaliza ubishi kwa mstari mmoja.

Sasa tuingie kwenye pesa, juu ya hapo ndipo maneno mengi yanazaliwa. Tuchukue mfano tu: masomo ya madarasa sita, mkataba wa dola 120.000. Antreprenere anapewa avansi ya 20%, yaani dola 24.000, ili anunue simenti na kupeleka vifaa. Avansi haiko zawadi, wala haiko malipo ya kazi, ni deni. Ndiyo maana mwenye kazi mwenye akili anadai kwanza garanti ya benki au ya asiransi kwa kiasi kilekile. Antreprenere akikimbia, garanti inalipa. Bila garanti, kijiji kinabaki na shimo la fondasio.

Baada ya miezi miwili antreprenere na kontroli wanapima pamoja: fondasio mita kibu kadhaa, ukuta mita mraba kadhaa. Tuseme kazi iliyopimwa ina bei ya dola 30.000. Je, antreprenere atalipwa 30.000? Hapana. Kwanza wanatoa sehemu ya avansi, 20%, dola 6.000. Kisha wanazuia 10% kama dhamana ya makosa, dola 3.000. Atapokea dola 21.000. Hapo njo uvumi unatokea: fakture ni 30.000, pesa iliyofika ni 21.000, basi wakubwa wamekula 9.000! Inawezekana wamekula mahali pengine, lakini si hapa. Hizi asilimia zinabadilika kutoka mkataba mmoja hadi mwingine, ila hesabu ni ileile. Anayetaka kujua kama kuna wizi aangalie ile 30.000 yenyewe: je, mita zilizoandikwa ziko kweli ukutani?

Na kuna kazi ambayo haipimiki tena baadaye. Fero ndani ya poto na ndani ya shenaji, urefu wa fondasio chini ya udongo, vile simenti ilivyochanganywa. Betoni ikimwagwa, imefunika yote. Kwa hiyo kwenye shantie inayofuatwa vizuri, kontroli anaangalia fero mbele ya kumwaga, anaandika kwenye kaye ya shantie, anatia sahihi, kisha ndipo antreprenere anamwaga. Betoni inapimwa nguvu yake kwa kawaida baada ya siku 28. Kaye ile ni daftari la kawaida tu, lakini ndani yake kuna mvua ya kila siku, idadi ya wafanyakazi, mifuko ya simenti iliyoingia, na kila amri ya kontroli. Shantie isiyo na kaye, mimi siwezi kuiamini hata ikiwa na rangi nzuri.

Udongo wa kwetu pia unaleta kesi zake. Goma unachimba unakuta jiwe la volkano. Bukavu unachimba kwenye mlima wenye udongo unaoteleza. Antreprenere aliyeweka bei akiwa ofisini anagundua kwamba fondasio inadai kazi mara mbili. Kama mkataba una bei ya kila mita, anapimiwa kile alichochimba. Kama ni bei moja kwa kazi nzima, yaani fofe, hatari ni yake. Sheria yetu ya mikataba, ambayo ni amri ya tarehe 30 Julai 1888 na bado inatumika, inasema kwamba aliyekubali kujenga kwa fofe kufuatana na plani hawezi kudai nyongeza, isipokuwa mabadiliko yaliyoruhusiwa kwa maandishi na bei yake ikakubaliwa. Hata kwa nyumba ya mtu binafsi ni vilevile. Mama anayemwambia fundi aongeze chumba na baraza wakiwa wamesimama kwenye kiwanja, bila karatasi, atakutana na deni ambalo hakulihesabu. Na fundi aliyeongeza kwa neno la mdomo tu anaweza kukosa haki yake kabisa.

Kuchelewa. Mikataba mingi inaweka faini kwa kila siku inayopita, kwa mfano sehemu moja ya elfu; kwenye mfano wetu ni dola 120 kwa siku, mpaka kiwango fulani. Lakini kuna kuchelewa ambako si kosa la mtu. Huku kwetu barabara inakatika wakati wa mvua, na Shabunda vitu vingi vinafika kwa ndege. Mpaka ukifungwa, simenti ya Uganda na Rwanda inapotea sokoni. Halafu vita. Mkataba unaita hii "force majeure", lakini haijitumii yenyewe: antreprenere anapaswa kuandika barua katika siku zilizowekwa, aseme nini kimemzuia na tangu lini. Inasaidia sana pia kufanya hesabu ya kilichopo kabla watu hawajakimbia, ikiwa usalama unaruhusu: kuta zimefika wapi, mifuko mingapi, manjanja mangapi, picha zenye tarehe. Baada ya vita kila mmoja atasema vitu viliibwa, na bila ile hesabu hakuna wa kumpinga wala wa kumtetea.

Kuna watu ambao mkataba mkubwa hauwataji: vijana wa kubeba mawe, mamá wa kuleta mchanga na maji, mafundi wa kwa siku. Antreprenere akisema serkali haijamlipa, wao wanalala njaa. Hawa wajue jambo moja. Kodi ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema kwamba mfanyakazi wa siku kwa siku aliyefanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akiajiriwa tena mbele ya miezi hiyo miwili kuisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho uliowekwa. Tena deni la mshahara ni la antreprenere, si la serkali. Anaweza kupelekwa kwa inspeksio ya kazi. Lakini uthibitisho wa siku unatoka wapi? Unatoka kwenye lile daftari la majina. Kila mtu aandike siku zake kwake mwenyewe, hata kwenye kikaratasi.

Kwa soko za serkali kuna sheria namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010. Kila ofisi inayotoa soko inapaswa kuwa na kitengo chake, CGPMP. DGCMP inakagua, na ARMP ndiyo inasimamia mfumo mzima na kusikiliza malalamiko ya antrepreneri walioona wametupwa bila haki. Barua ya kijiji inayosema "kazi ni mbaya" itabaki mezani. Barua inayotaja namba ya mkataba iliyo kwenye kibao, tarehe, na darasa gani limepasuka wapi, hiyo inadai jibu.

Mwishoni kunakuwa mapokezi mara mbili. Ya kwanza ni ya muda: watu wanapita darasa kwa darasa, wanaandika makosa, na kutoka siku ile muda wa garanti unaanza, mara nyingi mwaka mmoja. Majimaji yakiingia wakati wa mvua za Novemba, antreprenere anarudi kutengeneza kwa pesa yake, na akikataa, ile 10% iliyozuiwa inalipia. Ya pili ni mapokezi ya mwisho, ndipo anarudishiwa dhamana yake. Kosa kubwa ni kusaini zote mbili siku moja juu waziri yuko njiani.

Hata baada ya hapo, sheria ileile ya 1888 inamfunga antreprenere na arkitekti miaka kumi kama jengo linaanguka kwa sababu ya ujenzi mbaya au udongo mbaya. Kumi ni miaka mingi: direktere atakuwa amehamishwa, kamati imebadilika mara tatu. Dosie ya mkataba, plani, kaye ya shantie na karatasi za mapokezi zibaki kwenye kabati la ofisi ya masomo, na kopi moja kwa shefu wa grupma, si nyumbani kwa prezida wa kamati.