Mkinzano wa Usanidi

Mwenye kusimamia seva ya Debian au Ubuntu husasisha vifurushi vya programu mara kwa mara, na kwa kawaida kazi hupita kimya. Safari nyingine husimama katikati. Skrini inaeleza kwamba faili fulani ndani ya /etc limebadilishwa tangu liliposakinishwa, kwamba watunzaji wa kifurushi nao wameleta toleo lao jipya, kisha inauliza: lipi libaki?

Hali hiyo inataka jina. "Usanidi" hauna ubishi. Simu zimetuzoesha "mipangilio" kwa mambo ya sauti na mwanga, na usanidi ukabaki kwa mafaili haya ya maandishi ambayo programu huyasoma inapoanza kazi. Kazi iko kwenye neno la kwanza. "Mgogoro" unataka watu wenye kinyongo, kama ule wa shamba. "Mgongano" una mashiko, kwa kuwa tunao mgongano wa maslahi, ila anayeanza akilisoma hudhani kuna kilichovunjika, akakatiza kazi na kuacha vifurushi nusunusu. Mimi nachagua "mkinzano": maandishi mawili yanapingana juu ya jambo lilelile, na kila moja ni zima.

Neno hilo linaafikiana na mwenendo wa dpkg, programu inayosakinisha vifurushi vya Debian. Kwa kila faili la aina hii huhifadhi alama ya MD5 ya lile lililokuja na kifurushi, kisha hulinganisha matatu: lile la asili, lililopo sasa na jipya. Kama hukuligusa, jipya linakaa mahali pake bila kuulizwa mtu. Kama umelibadilisha wewe peke yako, lako linabaki. Mkinzano huzuka pale tu pande zote mbili zimebadilisha. Hata kulifuta huhesabiwa badiliko, halirudishwi kinyemela.

Tuseme kwenye /etc/nginx/nginx.conf uliongeza worker_connections kutoka 768, kwa sababu wageni wa tovuti wamekuwa wengi. Toleo jipya la kifurushi nalo limeondoa TLS 1.0 na 1.1, itifaki zilizotangazwa rasmi mwaka 2021 kuwa zisitumike tena. Ukijibu Y, unachukua lao na idadi yako inapotea. Ukijibu N, au ukibonyeza Enter tu, unabaki na lako pamoja na itifaki zilizochakaa. Kwa hiyo anza na D, uone mistari inayotofautiana. Halafu jibu N, ufungue faili jipya ambalo dpkg imeliweka kando kwa kiambishi .dpkg-dist, na uhamishe mstari wa TLS kwa mkono. Kitendo hicho nakiita "kuoanisha". "Kuunganisha" hakutoshi, maana ukibandika faili moja chini ya jingine hujatatua chochote.

Fedora na jamaa zake hawaulizi. RPM, programu yao ya kusakinisha vifurushi, huliacha faili jipya pembeni likiwa na .rpmnew, au hulitunza lako kama .rpmsave na kuweka lao. Arch nayo ina .pacnew. Ukimya huu naona una hatari kuliko swali, kwani mkinzano unaweza kukaa mwaka mzima bila mtu kuutazama. Amri ya find /etc -name '*.rpmnew' huyafichua mafaili ya .rpmnew.

Siku hizi mikinzano inapungua kwa sababu programu nyingi zinakubali saraka ya nyongeza. OpenSSH 8.2, ya mwaka 2020, ilileta agizo la Include, linaloingiza mafaili mengine, na Debian ikaliweka juu kabisa ya sshd_config. Nafasi hiyo ina maana yake: sshd, huduma ya OpenSSH, hushika thamani ya kwanza inayokutana nayo, hivyo mistari yako iliyo ndani ya /etc/ssh/sshd_config.d/ hutangulia ya kifurushi, na faili kuu linabaki halijaguswa. Kabla ya kuiwasha upya huduma, endesha sshd -t ikague maandishi, hasa kama seva iko mbali nawe na njia ya kuifikia ni hiyo hiyo SSH.