Kila Chuma Kilikuwa na Kazi: Historia Fupi ya Kupamba Gari Kenya

Juni 2023, kama nusu ya vijana wa Nairobi, nilikuwa naelekea Naivasha kuona Safari Rally. Tulikuwa magari manne, mbogi moja, muziki juu. Tukaamua kupitia njia ya chini, ile ya Mai Mahiu, kwa sababu tulitaka picha za Bonde la Ufa. Ndai yangu ilikuwa safi kuliko zote. Rimu nyeusi za inchi 17, ekzosi mpya yenye mdomo mpana kama sufuria ya chai, taa za bluu, spoila nyuma. Nilikuwa nimemwaga karibu shilingi 90,000 hapo, pesa yangu ya kwanza ya maana tangu nianze hii kazi ya kutengeneza video.

Tulipokuwa tunashuka kuelekea lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa Kiitaliano mwaka wa 1942, lori lilipunguza mwendo mbele yangu. Nikakanyaga breki. Pedali ikazama, laini kama mkate. Nikakanyaga tena, ikafika sakafuni. Harufu ya kitu kinachoungua ikaingia ndani, na msee aliyekuwa kando yangu akanyamaza katikati ya sentensi. Nikashusha gia hadi ya chini kabisa, nikavuta handbreki kidogo kidogo, nikaibana gari pembeni mwa barabara. Ilisimama mita chache nyuma ya lile lori.

Hakuna aliyeumia. Lakini nilikaa pale nikitetemeka, na ekzosi yangu ya elfu thelathini ikiendelea kunguruma kama simba.

Jumatatu niliipeleka kwa anko wangu, fundi wa miaka mingi pale Kariobangi. Akatoa magurudumu. Pedi zilikuwa zimebaki nyembamba kama kadi ya simu. Diski zimegeuka rangi kwa joto. Mafuta ya breki meusi kama kahawa. Akanieleza kwamba mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyozeeka, kisha yakipata joto kali yanachemka, na badala ya kusukuma breki unabaki unakanyaga mvuke. Na zile rimu zangu kubwa, akasema, ni nzito kuliko za kiwandani, kwa hivyo breki zilizochoka nilikuwa nimeziongezea mzigo.

Hakunikemea. Alizunguka gari mara moja, akigusa kila kitu nilichonunua, na kila akigusa anauliza swali lile lile: "Hii ni ya kazi gani?"

"Anko, ni staili tu."

"Staili inashika breki?"

Sikuwa na jibu. Lakini swali lake lilinikaa kichwani, nikaanza kusoma. Na nimegundua kitu ambacho nataka tukiongee leo: karibu kila pambo tunalonunua pale Kirinyaga Road lina historia, na mwanzoni halikuwa pambo. Lilikuwa jibu la shida fulani. Sisi tumerithi jibu, tukasahau swali.

Safari: shule ya kwanza

Mashindano ya Safari yalianza 1953 yakiitwa Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Njia ilipitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Kitu kinachonifurahisha ni kwamba mwanzoni magari yaligawanywa kwa bei yake dukani, si kwa ukubwa wa injini. Wazo lilikuwa rahisi: mwananchi aone ni gari gani la bei yake linaweza kustahimili barabara zetu. Hayakuwa mashindano ya nani anang'aa.

Halafu njoo 1965. Joginder Singh, kijana wa Kenya aliyejifunza ufundi kwenye gereji ya baba yake, anashinda Safari akiwa na ndugu yake Jaswant ndani ya Volvo PV544. Na hilo gari halikuwa jipya. Lilikuwa limetumika tayari na timu ya kiwanda. Wazungu waliliacha, fundi akaliokota, akaliandaa, akawapiga nalo. Alishinda tena 1974 na 1976, safari hizo akiwa na Mitsubishi Lancer. Ukiniuliza, huyo ndiye babu wa kila kijana anayenunua gari la mkono wa pili na kuota makubwa. Lakini angalia alichofanya: aliandaa gari lifike.

Kufika ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Safari ya zamani ilikuwa wakati wa Pasaka, mvua ikianza, kwenye barabara za kawaida zilizo wazi kwa watu, ng'ombe na malori, maelfu ya kilomita, mchana na usiku. Ndipo zile alama tunazozipenda zilipopata umaarufu. Bulbaa mbele, kwa sababu swara huruka barabarani bila kuwasha indiketa. Taa nne au sita za ziada, kwa sababu usiku wa Taita hauna nguzo za umeme. Bamba la chuma chini ya injini, kwa sababu ya mawe. Snokeli, kwa sababu mto haukungojei. Tairi mbili za akiba nyuma, kwa sababu moja haitoshi.

Sasa kuna somo la miaka ya themanini ambalo kila mpenda turbo anafaa kulijua. Peugeot 205 Turbo 16 ilichukua ubingwa wa dunia 1985 na 1986. Audi Quattro ilikuwa imebadilisha mchezo mzima kwa kuvuta magurudumu yote manne. Hakuna hata moja kati ya hizo mbili iliyowahi kushinda Safari. Ilishinda Toyota Celica, 1984, 1985 na 1986 mfululizo, gari lililosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, kama pickup ya shamba. Halikuwa na teknolojia kali zaidi. Lilikuwa gumu, na watu wake walijua barabara ya Kenya inataka nini.

Na mambo hayajabadilika sana. Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia 2021, safari hii Naivasha, magari ya kisasa kabisa yameonekana tena na snokeli, kwa sababu vumbi la kule ni laini kama unga na mvua ikinyesha linageuka uji. Mwaka ule wa 2023 niliokuwa nikienda, Toyota walichukua nafasi nne za kwanza. Snokeli pale ina kazi. Ile ya jirani yangu Roysambu, ambayo haijaunganishwa na chochote, imebandikwa kwa gundi.

Nganya: pambo linalolipa nauli

Najua utaniambia, "Lakini urembo pia ni utamaduni wetu, angalia nganya." Kweli kabisa, na mimi ni mtoto wa nganya. Lakini twende polepole.

Matatu zilipata jina kutokana na nauli, senti thelathini, vipande vitatu vya senti kumi. Mwaka wa 1973 Mzee Jomo Kenyatta aliziruhusu kubeba abiria bila ile leseni waliyokuwa nayo mabasi makubwa, na ushindani ukaanza papo hapo. Kama magari kumi yanaenda mtaa mmoja kwa nauli ile ile, abiria atachagua lipi? Jibu likawa michoro, muziki, taa, viti. Spika ya nganya ni tangazo, na michoro yake ni bango. Mwenye gari akiweka besi ya kutikisa mbavu, anajua vijana wa shule na wa kampasi wataacha gari lingine na kungoja lake. Pesa inaingia, pesa inatoka, hesabu inafungwa jioni.

Serikali ilijaribu kuuzima mtindo huo. Februari 2004 sheria za waziri John Michuki zilianza kutekelezwa: vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda kwa kila abiria, mstari wa manjano ubavuni. Nganya nyingi zilirudi kuwa magari meupe yasiyo na sura. Mwishoni mwa 2014 Rais Uhuru Kenyatta akatangaza michoro iruhusiwe, na rangi zikarudi mjini. Nilifurahi kama kila mtu. Ila kumbuka kitu: hakuna aliyedai vidhibiti mwendo na mikanda ni adui wa sanaa. Vilikuwa vitu viwili tofauti tangu mwanzo. Unaweza kuwa na gari lenye rangi zote za upinde wa mvua na breki zinazoshika.

Tofauti kati ya nganya na ndai yangu ni kwamba hakuna mtu ananilipa nauli. Ekzosi yangu haikuvutia abiria yeyote. Ilivutia polisi, mara tatu.

Sauti tuliyoikopa

Na sasa tufike kwa ile kitu kila mtu anaogopa kusema. Subaru.

Miaka ya tisini, soko lilipofunguliwa, magari ya mitumba kutoka Japani yalianza kufurika bandarini Mombasa. Wakati huo huo Colin McRae alikuwa anashinda Safari na Subaru Impreza, 1997, na Richard Burns akarudia 2000. Sauti ile ikaingia kwenye damu yetu. Lakini inatoka wapi? Injini ya Subaru imelala, silinda mbili kila upande. Kwenye zile turbo za zamani, mabomba yanayotoa moshi kutoka kila upande hayakuwa na urefu sawa, kwa hivyo moshi ulifika kwa mapigo yasiyolingana. Ndio ule mngurumo wa "bup-bup-bup". Subaru kadhaa za baadaye zilipopewa mabomba ya urefu sawa, turbo ilipumua vizuri zaidi, na mngurumo ukapotea. Soma tena hapo. Sauti tunayoiabudu ilitokana na jinsi mabomba yalivyopangwa, na walipoboresha mpangilio, sauti ikaenda.

Gari langu lina silinda nne zilizosimama wima, 1500cc, bila turbo. Hakuna ekzosi duniani itaifanya ilie kama ya McRae. Na kwa injini kama hiyo, kubadilisha kopo la nyuma pekee hakuongezi nguvu ambayo utaihisi kwenye kiti. Nilinunua kelele.

Kwa hivyo ufanye nini na doo zako?

Simaanishi usipambe. Gari jeupe lisilo na chochote pia linachosha macho. Ninachosema ni mpangilio, na mpangilio wangu sasa ni huu.

Kwanza tairi. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye ule mstari unaoanza na DOT: 2219 ni wiki ya 22 ya mwaka wa 2019. Tairi inaweza kuwa na meno mazuri na bado imezeeka. Pili breki: pedi, diski, na mafuta mapya kila baada ya miaka miwili hivi. Kumbuka hesabu ya fizikia ya sekondari. Ukitoka 60 hadi 120, mwendo umeongezeka mara mbili, lakini nguvu ambayo breki zinapaswa kuimeza imeongezeka mara nne. Ukiongeza mbio kabla ya breki, umejenga ghorofa bila ngazi. Tatu shoki na springi. Nne taa, lakini taa zinazofaa. Bulbu kali ya kisasa ndani ya kioo kilichotengenezewa bulbu ya kawaida hutawanya mwanga kila mahali, na anayekuja mbele yako Naivasha Road anakuwa kipofu sekunde mbili. Sekunde mbili zinatosha.

Hapo ndipo uje kwa rimu, viti, muziki, rangi. Na ukibadilisha rangi au injini, hakikisha makaratasi yanajua, na kampuni yako ya bima inajua pia. Usingoje waijue siku ya ajali.

Kuhusu bulbaa nitasema wazi: kama unaishi shambani kwenye wanyama, weka. Kwa Thika Road, hakuna swara. Kile chuma kitampata mtu anayevuka na mtoto mkononi, na mwili wa binadamu haupigani na chuma.

Niliuza ekzosi. Hasara ilikuwa nusu. Rimu za kiwandani zilirudi, nikanunua tairi nne mpya, na anko akanibadilishia breki zote huku nikishika tochi. Spoila nimeiacha. Siku ya kulichukua gari aliizunguka tena, akafika nyuma, akaigonga kwa kidole.

"Na hii je? Ya kazi gani?"

"Anko, hii ni ya picha."

Akacheka. "Sawa. Angalau sasa utafika pahali pa kupigia."