Utabiri wa mvua za Masika katika nyanda za juu: unavyoandaliwa na namna ya kuusoma

Kila mwaka, kabla ya mvua kuanza, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri wa msimu wa Masika, mvua zinazonyesha kati ya Machi na Mei katika maeneo yanayopata misimu miwili ya mvua kwa mwaka. Miongoni mwa maeneo hayo ni nyanda za juu kaskazini mashariki, yaani mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara, ambako makazi, mashamba na barabara vimetanda kwenye miteremko ya milima na mabondeni.

Kwa wakazi wa mikoa hiyo, taarifa hiyo ni msingi wa maamuzi mengi. Mkulima huitumia kuchagua mbegu na wakati wa kupanda, mfugaji huitumia kupima hali ya malisho, na halmashauri huitumia kupanga usafishaji wa mitaro na ukarabati wa madaraja. Hata hivyo, utabiri wa msimu peke yake hautoshi kumlinda anayeishi chini ya mlima. Utabiri wa msimu ni wa kupangia. Utabiri wa kila siku na tahadhari ni vya kuchukulia hatua.

Mlima unavyobadili mvua

Mvua za Masika hutokana na ukanda mvua, ambao hufuata jua la utosi linapovuka Ikweta mwezi Machi kuelekea kaskazini. Nguvu ya msimu hutegemea pia hali ya joto katika Bahari ya Hindi na Bahari ya Pasifiki, pamoja na mwelekeo wa pepo zinazosafirisha unyevu kutoka baharini kuja nchi kavu.

Unyevu huo unapokutana na mlima, hali hubadilika. Hewa hulazimika kupanda, na kabla haijafanya mawingu hupoa kwa takriban nyuzijoto 10 za Selsiasi kwa kila mita 1,000. Ikipoa vya kutosha, mvuke uliomo hugeuka mawingu, kisha mvua. Upande wa mlima unaokabili upepo hupata mvua nyingi, ilhali upande wa pili hupitiwa na hewa iliyokwisha kupoteza sehemu kubwa ya unyevu wake.

Mlima Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895, ni mfano wa wazi. Ukanda wa msitu katika miteremko yake ya kusini hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati upande wa kaskazini ni mkavu zaidi. Katika mkoa huohuo, mji wa Same, ulio magharibi mwa milima ya Upare, uko katika eneo kame licha ya kuwa karibu na vilele vyenye misitu na chemchemi.

Ugumu wa kutabiri milimani

Wataalamu huandaa utabiri kwa kutumia vipimo vya vituo vya hali ya hewa, picha za setilaiti, rada na mifumo ya kompyuta inayokokotoa mwenendo wa angahewa. Mifumo hiyo huigawa nchi katika miraba, na kila mraba hupewa thamani moja ya mvua na joto. Mraba wenye upana wa kilometa kadhaa unaweza kubeba kilele, msitu, mashamba ya migomba na tambarare kwa pamoja, hivyo tofauti iliyopo kati ya kijiji na kijiji ikapotea katika hesabu. Rada nayo huzuiwa na milima, kwa kuwa mawimbi yake hayapenyi mwamba ili kuona mvua iliyo upande wa pili.

Ndiyo maana utabiri wa msimu hutaja ukanda au mkoa, si kijiji. Mvua za wastani humaanisha kiasi kilicho kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu wa eneo husika. Kwa mfano, eneo ambalo kwa kawaida hupata milimita 400 katika msimu litahesabiwa kuwa limepata mvua za wastani likipata kati ya milimita 300 na 500. Kiasi hicho kinaweza kunyesha kidogo kidogo kwa wiki nyingi, au sehemu yake kubwa ikanyesha katika siku chache. Katika hali zote mbili utabiri utakuwa sahihi, lakini madhara kwa shamba na kwa nyumba iliyo kando ya korongo hayatalingana. Hata msimu uliotabiriwa kuwa na mvua chini ya wastani unaweza kuwa na siku moja ya mvua kubwa.

Funzo la Hanang

Desemba 3, 2023, wakati wa mvua za Vuli, maporomoko ya tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang, mkoani Manyara, yaliufikia mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilikuwa imenyonya maji ya mvua hadi ikameguka.

Tukio hilo linaonesha kuwa milimani hatari haianzi pale inapoonekana. Maji yanayoleta mafuriko bondeni yanaweza kuwa yamenyesha juu, saa kadhaa kabla, huku anga la bondeni likiwa jeupe. Aidha, udongo uliolowa kwa siku nyingi huhitaji mvua ndogo tu ili uporomoke.

Hatua kwa mwananchi

TMA hutumia rangi katika taarifa za hali mbaya ya hewa: njano ni angalizo, rangi ya machungwa ni tahadhari, na nyekundu ni tahadhari kubwa. Kila taarifa hueleza pia uwezekano wa hali hiyo kutokea na kiwango cha athari zinazotarajiwa. Mambo hayo mawili yasomwe pamoja, kwa kuwa jambo lenye uwezekano mdogo linaweza kuwa na athari kubwa.

Inapotolewa tahadhari ya mvua kubwa, wakazi wa miteremkoni na mabondeni wanapaswa kuangalia dalili zifuatazo: nyufa mpya ardhini au ukutani, miti au nguzo zinazoanza kuinama, chemchemi inayotokea ghafla, na maji ya mto yanayobadilika kuwa tope au kupungua ghafla wakati mvua inaendelea, kwani huenda yamezibwa na maporomoko upande wa juu. Dalili hizo zikionekana, familia ihame mara moja kwenda eneo salama, nje ya mkondo wa maji, kisha itoe taarifa kwa uongozi wa kijiji au mtaa, au kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kupitia namba 114.

Watoto wasiruhusiwe kuvuka makorongo yaliyojaa maji wanapokwenda shuleni, na madereva wasubiri maji yapungue. Katika nyanda za juu, mto uliofurika baada ya mvua kubwa mara nyingi hupungua ndani ya saa chache. Kusubiri huchelewesha safari, lakini huokoa maisha.