Uvimbe wa ubongo: mbele ya operesheni, munganga anajua nini juu ya siku za mgonjwa?

Huku Kyavinyonge, mtu mzima akianza kuumwa kichwa kila asubuhi, kutapika ao kuanguka kifafa, wengi wanasema amelogwa. Siku skaneri inaonyesha uvimbe ndani ya ubongo, swali linageuka: tuuze mtumbwi na nyavu tumpeleke ku operesheni, ao tutapoteza mtu pamoja na mali?

Waganga hawapigi ramli. Kwanza wanatafuta aina ya uvimbe. Meninjioma, inayoota kwenye ngozi inayofunika ubongo, mara nyingi si kansa. Ikitolewa yote, mtu anaweza kuishi miaka mingi. Glioblastoma ndiyo kali. Uchunguzi uliotangazwa mwaka wa 2005 juu ya wagonjwa 573 ulionyesha kwamba kati ya waliopewa miale pamoja na dawa ya temozolomidi, nusu walikufa mbele ya miezi 15 kutimia. Kisha miaka 2, karibu 27 kwa 100 walikuwa wangali hai. Lakini picha inakisia tu. Jina kamili la uvimbe linapatikana kisha kipande chake kupimwa ku laboratware.

Umri nao unahesabiwa: kijana ana nafasi zaidi kuliko mzee. Halafu kuna kipimo cha Karnofsky, cha tangu 1949. Mwenye 100 hana dalili yoyote. Mwenye 70 anajiosha na kujivika mwenyewe lakini hawezi kazi. Mwenye 50 anasaidiwa sana. Familia nyingi hazielezwi jambo hili: dawa ya deksametazoni inapunguza maji kandokando ya uvimbe, na mtu aliyebebwa kwa kipoyi anaweza kusimama kisha siku chache. Hajapona, ila alama yake imepanda. Alama ya siku ya kwanza basi isiwe hukumu.

Siku hizi hata kompyuta zinajaribu. Toka 2017 mpaka 2020, mashindano ya kimataifa ya BraTS yaliomba programu zikadirie maisha ya mgonjwa kwa picha za IRM, na zilikosea mara nyingi. Picha za Afrika ziliingizwa humo 2023 tu.

Tena, hesabu za 2005 ni za watu waliopata miale. Toka huku, wanaoitafuta Uganda wanapita Kasindi mpaka Kampala, ambako mashine ya Mulago iliharibika 2016 na mpya ikafunguliwa 2018. Mbele ya kuuza mtumbwi, familia imuulize munganga: operesheni ikiisha, miale itapatikana wapi, na kwa bei gani?