Uzi wa Tatu

Nilikata nyuzi zote sita kwa mpigo mmoja, na daraja likaanguka sakafuni. Nilidhani nimeliharibu gitaa la marehemu mjomba. Mama alitoka jikoni, akakitazama kile kipande cha chuma na mbao kilichokuwa kimebiringika hadi chini ya kabati, akasema, "Mjomba wako alikuwa anabadilisha uzi mmoja mmoja." Akarudi kwenye maharage yake.

Daraja ni kile kipande kinachobeba nyuzi na kuupeleka mtikisiko wake kwenye kifua cha gitaa. Kwenye magitaa mengi ya kawaida limebandikwa kwa gundi. Kwenye gitaa la jazi, lile lenye tumbo tupu na kifua kilichobinuka, halijabandikwa popote. Linakandamizwa na nyuzi tu.

Huo ni urithi wa fidla. Orville Gibson alichonga vifua vya mandolini na magitaa kwa kufuata fidla, na kampuni yenye jina lake ilianzishwa Kalamazoo, Michigan, mwaka 1902. Mwaka 1921 Ted McHugh wa kampuni hiyo alipata hataza ya daraja linalopanda na kushuka kwa magurudumu mawili madogo. Mwaka uliofuata likatoka gitaa la L-5, kazi iliyosimamiwa na Lloyd Loar, lenye matundu mawili ya umbo la herufi f. Daraja lake lilikuwa la mbao nyeusi, ngumu.

Mbao ilifaa kwa sababu umeme haukuwapo. Gitaa lilitakiwa lipenye kati ya ngoma na tarumbeta kwa nguvu za mkono. Freddie Green aliingia bendi ya Count Basie mwaka 1937 akabaki humo mpaka alipofariki mwaka 1987, akipiga gitaa lisilo na umeme, nyuzi zimeinuliwa juu kiasi cha kuumiza vidole. Daraja la mbao hupunguza makali ya sauti. Noti inakuja, inagonga, inaondoka. Mpiga ridhimu hahitaji zaidi ya hapo.

Mwaka 1936 Gibson wakatoa ES-150, gitaa la tumbo tupu lenye pikapu (si gari, ni kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi). Charlie Christian alijiunga na Benny Goodman mwaka 1939 akiwa na hilo mkononi, na mwaka 1942 akafariki, miaka 25 tu. Katika muda huo mfupi gitaa lilianza kusimama mbele na kuzungumza kama saksafoni. Mpiga solo anataka noti idumu, tena iwe sahihi hadi juu kabisa ya shingo. Jibu la chuma likaja mwaka 1954, wakati wa Ted McCarty, kwenye Les Paul Custom: daraja ambalo kila uzi una kikalio chake, na kila kikalio kina skrubu ya kukisogeza mbele au nyuma. Lilianzia kwenye gitaa lisilo na tumbo, kisha likahamia na kwenye yale ya jazi.

Daraja la mjomba lilikuwa la aina hiyo, juu ya miguu ya mbao. Mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia, na ugonjwa wetu unajulikana: tunapenda asili. Nikaamua chuma kimeletwa baadaye, kwa hiyo kitoke. Nilimpelekea fundi seremala mmoja miguu ile ile, nikamwomba anichongee sehemu ya juu ya mpingo.

"Mpingo wa kuchezea gitaa?" aliuliza.

"Ndiyo, mzee. Wazungu wanatengenezea hata klarineti."

Alicheka, lakini alichonga. Kazi ndefu ilikuwa ya kwangu: kubandika msasa kwenye kifua cha gitaa, upande wa makali juu, na kusugua miguu ya daraja hapo mpaka ikalie mbinuko bila mwanya. Jioni mbili, na vumbi kwenye kila kitabu.

Kabla ya kubadilisha nilikipiga picha kile cha chuma, kama ninavyofanya na nyaraka. Hapo ndipo nilipoona kikalio cha uzi wa tatu. Magitaa ya zamani ya jazi yalifungwa uzi wa tatu uliovishwa waya, na madaraja yake ya mbao yalichongwa kwa ngazi inayorudi nyuma kwenye uzi wa pili. Hiki kilikuwa kimerudishwa nyuma kwenye wa tatu. Mtu hafanyi hivyo ila amefunga uzi mtupu, mwembamba, unaovutika kwa kidole. Na skrubu zilikuwa na mikwaruzo ya bisibisi iliyotumika mara nyingi.

Nilimuuliza mama. "Alilinunua mwenyewe," alisema. "Alisema tarumbeta za bendi yao zinamfunika."

Kwa hiyo nilichotaka kukiondoa kama uchafu ndicho mjomba alichokichagua. Gitaa lililotoka kiwandani hakulitaka, alitaka lisikike.

Nililijaribu la mpingo hata hivyo, na uzi mnene wa tatu. Niseme ukweli, lilinipendeza kuliko la chuma: sauti ya joto, fupi, kama mtu anayeongea bila kupaza. Lakini nina kanda zake tatu ninazozinakili noti kwa noti, na humo uzi wa tatu unavutwa karibu kila mstari. Kwa uzi mnene sehemu hizo hazipigiki.

Nimerudisha la chuma, uzi mmoja mmoja safari hii. La mpingo limo kwenye mfuko wa gitaa, limefungwa kwenye soksi. Nimefika katikati ya kanda ya pili. Skrubu ya tatu sijaigusa.